Faili Usiyoijua: Kweli na Uongo wa Saiba za Thika na Ruiru

Ruiru kuna Zetech, Juja kuna JKUAT, Thika kuna Mount Kenya University. Palipo na vyuo pana wanafunzi, na palipo na wanafunzi pana saiba: chumba chenye kompyuta chache, printa, mashine ya kulamineti na foleni. Mwezi wa Juni foleni huwa ya ritani za KRA, ambazo siku ya mwisho ni tarehe 30. Wakati mwingine huwa ya HELB, ya KUCCPS, ya cheti cha tabia njema, ama ya tasnifu inayotakiwa kuchapwa na kufungwa jalada kabla ofisi haijafungwa. Kila mteja huja na faili yake, kwenye flashi, kwenye barua pepe ama kwenye WhatsApp, na faili zote hizo hupita kwenye kompyuta zilezile.

Katika msongamano huo swali huwa moja: hii faili ni salama? Majibu hayakosekani. Mwenye saiba ana lake, fundi ana lake, mwanafunzi aliyesoma somo moja la kompyuta ana lake. Mengine ni ya kweli, mengine yalikuwa ya kweli zamani, na mengine hayajawahi kuwa kweli. Tuyapime moja baada ya jingine.

1. "Ina alama ya PDF, basi ni PDF."

SI KWELI.

Picha iliyo juu ya faili haithibitishi chochote. Anayetengeneza programu hujichagulia picha anayoitaka, na hakuna kinachomzuia kuweka ile nyekundu ya PDF ama ile ya buluu ya Word. Kinachoiambia Windows ifanye nini unapobofya ni kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina. Lakini Windows, kwa mipangilio inayokuja nayo, huzificha herufi hizo kwa aina za faili inazozijua. Faili iitwayo "P9 ya 2024.pdf.exe" itaonekana kwenye skrini kama "P9 ya 2024.pdf".

Hila hii ni kongwe. Mwezi Mei 2000, watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT tu, wakadhani ni maandishi matupu, wakafungua. Kirusi hicho, ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino, kiliingia kwenye mamilioni ya kompyuta kwa muda wa siku chache. Robo karne imepita na Windows bado inaficha viendelezi.

Vifichue. Kwenye Windows 11, fungua File Explorer, bofya "View", kisha "Show", kisha "File name extensions". Kwenye Windows 10, kisanduku chake kiko ndani ya "View" papo hapo. Baada ya hapo soma mwisho wa jina. Viendelezi .exe, .msi, .scr, .bat, .cmd, .vbs na .js ni vya programu au amri. Viendelezi .pdf, .jpg na .docx ni vya hati na picha. Tazama pia safu ya "Type": ikiandika "Application" huku jina likidai ni barua ya kazi, mjadala umekwisha. Safu hiyo hufaa zaidi kwa sababu kuna alama isiyoonekana inayoweza kugeuza mwelekeo wa herufi, ikafanya jina lisomeke kana kwamba linaishia na pdf ilhali haliishii hapo.

PDF halisi nayo si malaika. Inaweza kubeba kiungo kinachokupeleka kwenye ukurasa bandia wa kuingilia, ukaandika neno lako la siri mwenyewe. Hatari hiyo haimo kwenye faili. Imo kwenye kiungo utakachobofya baada ya kuifungua.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa faili, nusu ya kwanza ya methali hiyo ishike sana. Nusu ya pili isubiri kwanza.

2. "Jina silijui, basi ni kirusi. Futa."

SI KWELI.

Fungua Task Manager kwenye kompyuta yoyote nzima na utakuta majina hujawahi kuyasikia. Linalowatisha wengi ni svchost.exe, kwa sababu huonekana mara nyingi kwa wakati mmoja. Hiyo ni hali ya kawaida: Windows huitumia programu hiyo kuendesha huduma zake nyingi, na kila huduma au kundi la huduma huwa na nakala yake.

Mwaka 2002 barua pepe ilizunguka dunia ikionya kuhusu faili iitwayo jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo. Ilidai kwamba ni kirusi ambacho antivirusi haikioni, na kwamba uifute haraka kisha uwaonye marafiki wote. Watu waliitafuta, wakaikuta kwelikweli, wakaifuta. Ilikuwa faili halali ya Microsoft, ya kazi za Java. Hakukuwa na kirusi chochote. Mwenye kompyuta aliiharibu kwa mkono wake, kisha akamfundisha jirani kuharibu ya kwake.

Badala ya kuuliza jina, uliza makazi. Bofya kulia kwenye jina ndani ya Task Manager, chagua "Open file location". Svchost halali hukaa ndani ya C:\Windows\System32, ama SysWOW64. Ukiikuta kwenye folda ya Downloads, kwenye Temp au kwenye flashi, hapo una sababu ya kushuku. Tazama na herufi zenyewe: "scvhost" si "svchost", na aliyezipindua herufi hizo alikusudia usizione.

3. "Imetoka kwa mtu ninayemjua, haina neno."

SI KWELI.

ILOVEYOU kilisambaa kwa sababu kilijituma kwa watu walioko kwenye orodha ya anwani ya aliyeathiriwa. Wengi waliokipokea walikuwa wanamjua mtumaji, na ndiyo maana walifungua. Njia hiyo haijaachwa: akaunti ya barua pepe au ya WhatsApp ikitekwa, ujumbe unaofuata hutoka kwa mwenzako wa darasa, kwa mhasibu wa chama, au kwa mjomba.

Jina la mtumaji linakueleza akaunti iliyotumika. Halikuelezi ni nani aliyeishika wakati huo, wala kama mwenyewe anajua alichotuma. Mwalimu anayekuletea flashi ya mitihani ya marudio hana nia mbaya. Flashi hiyo imepita mashine ngapi, hata yeye hajui. Na faili ikija kwa ujumbe, mpigie simu umwulize: "Mwalimu, umenitumia faili ya zip saa hii?" Piga simu, usimjibu kwenye ujumbe uleule, kwa maana aliyeiteka akaunti atakujibu kwamba ndiyo, ni yeye.

4. "Flashi imejaa shortcut tupu. Kazi imepotea, formati."

SI KWELI, na ni ushauri unaowagharimu wanafunzi tasnifu zao.

Huu ndio ugonjwa wa flashi unaojulikana zaidi katika saiba zetu. Unachomeka, unakuta kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato yenye kimshale kidogo. Kazi yako haijaenda popote. Kirusi kimeziwekea folda halisi alama za kufichwa, kikatengeneza faili za .lnk zenye majina yaleyale. Ukibofya moja, amri iliyomo huendesha kirusi kwanza, kisha huifungua folda yako halisi ili usitambue lolote.

Kwa hiyo usibofye kimshale hata kimoja. Ipeleke flashi kwenye kompyuta safi iliyosasishwa, ipitishe kwenye antivirusi, halafu fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako. Folda zitarudi kuonekana. Nakili hati zako tu mahali pengine, futa njia za mkato, na wakati huo ndipo unaweza kuformati. Mwenye saiba ana kazi ya ziada: asafishe kompyuta kabla ya flashi, maana flashi safi ikichomekwa kwenye mashine chafu itachafuka tena hata kabla mteja hajalipa.

Je, kuchomeka tu kunatosha kuambukiza? Zamani, ndiyo. Kirusi Conficker, kilichotokea mwaka 2008, kilitumia pia ile tabia ya Windows ya kuendesha flashi yenyewe. Windows 7 iliizuia tabia hiyo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza zuio hilo kwa XP na Vista. Lakini mwaka 2010 kirusi Stuxnet kilitumia kasoro ambayo kwayo kutazama tu alama ya faili ya .lnk kulitosha. Kasoro hiyo ilizibwa, ila kwa wale tu wanaosasisha.

5. "Antivirusi haijalia, kwa hivyo ni safi."

SI KWELI.

Antivirusi hulinganisha faili na orodha ya programu hasidi zinazojulikana, kisha hutazama tabia: inajaribu kuandika wapi, inaita nani mtandaoni, inabadilisha nini. Kirusi kilichoandikwa jana hakimo kwenye orodha, na mwandishi wake alikwisha kukijaribu dhidi ya antivirusi zinazotumika sana kabla hajakiachilia. Ikinyamaza, maana yake haijaona kitu. Haijasema kwamba hakuna kitu.

Zipo pia faili isizoweza kuzitazama ndani. Zip iliyofungwa kwa neno la siri ni mojawapo, ndiyo maana walaghai huipenda: hukutumia faili pamoja na neno lake la siri kwenye ujumbe huohuo. Fikiria kidogo. Neno la siri linalosafiri na faili yake halimfichi mtu yeyote kitu, isipokuwa antivirusi. Msimu wa KCSE, ukipokea "mtihani uliovuja" wa namna hiyo, una ulaghai wa mtihani na pengine kirusi juu yake.

Hili lisikufanye uidharau antivirusi. Ile inayokuja ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo inafaa, mradi isasishwe. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, tumia faili ya majaribio iitwayo EICAR: herufi 68 tu, zisizo na madhara, ambazo antivirusi hutambua kwa makubaliano. Isipolia kwa hiyo, haifanyi kazi.

6. "Kama una shaka, ipakie VirusTotal. Haina hasara."

NUSU KWELI.

VirusTotal ni tovuti iliyoanzishwa mwaka 2004 huko Málaga, Uhispania, na kununuliwa na Google mwaka 2012. Ukiipa faili, huipitisha kwenye antivirusi zaidi ya 70 na kukuonyesha kila moja imesema nini. Kwa programu uliyoipakua intaneti, ni msaada mkubwa.

Hasara iko kwenye aina ya faili. Unachokipakia pale hakibaki kati yako na tovuti: kampuni za usalama zinazoshirikiana nayo na wateja wake wanaolipa wanaweza kukipata. Sasa fikiria faili zinazopita kwenye saiba ya Thika siku moja: nakala za vitambulisho, vyeti vya PIN, ripoti za hospitali, hati za mashamba. Kumpakia mteja huko ili kumlinda ni kumwanika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na mwenye saiba anazishika kila siku.

Kuna njia ya katikati. Fungua Command Prompt kwenye folda yenye faili na uandike certutil -hashfile ukifuatisha jina la faili na neno SHA256. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Faili ikibadilika hata kwa herufi moja, mfuatano huo hubadilika kabisa, kwa hiyo unaitambulisha faili bila kuonyesha kilichomo. Nakili mfuatano, uutafute kwenye VirusTotal. Faili yenyewe haitoki mezani kwako.

Soma matokeo kwa akili. Antivirusi moja isiyojulikana sana ikilia kati ya 70, huenda ni kosa. Zikilia 30, acha kujadiliana na nafsi yako. Na kama mfuatano haupatikani kabisa, ina maana kwamba hakuna aliyewahi kuipeleka faili hiyo, jambo lisilo la ajabu kwa CV ya mtu, lakini la kushangaza kwa programu inayodaiwa kutumiwa na dunia nzima.

7. "Ina sahihi ya kidijitali, basi ni halali."

MARA NYINGI NI KWELI. SI DAIMA.

Bofya kulia kwenye programu, fungua "Properties", tafuta "Digital Signatures". Sahihi iliyo sawa inakuhakikishia mambo mawili: nani aliyeitia, na kwamba faili haijaguswa tangu hapo. Hayo si madogo. Kiendeshi cha printa kinachodai kutoka kwa kampuni kubwa huku hakina sahihi yoyote ni cha kushukiwa.

Ila sahihi huibwa. Stuxnet kilibeba sahihi halisi zilizoibwa kutoka kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron. Na mwenye sahihi anaweza kuvamiwa akiwa nyumbani kwake: mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ambayo mafundi wengi huipenda kwa kusafisha kompyuta, lilitolewa na kampuni yenyewe, likiwa na sahihi sawasawa, na ndani yake mkiwa na mlango wa siri. Kampuni ilisema watumiaji wapatao milioni 2.27 walikuwa nalo.

Kinyume chake pia kipo. Faili kadhaa halali za Windows hazionyeshi kabisa sehemu hiyo ya sahihi, kwa sababu sahihi zake huwekwa pamoja kwenye orodha ya mfumo. Kukosekana kwake peke yake hakutoshi kuihukumu faili.

8. "Faili inayokuambia ubofye 'Enable Content' ni kirusi."

NUSU KWELI, na Kenya tuna ushahidi wetu.

Makro ni amri zilizoandikwa ndani ya hati ya Word au Excel. Mwezi Machi 1999 kirusi Melissa kilizitumia kusambaa kwa barua pepe, na tangu hapo zimetumiwa mara nyingi kuingizia virusi maofisini. Onyo ni la haki.

Lakini mtu anayejaza ritani ya KRA kwa fomu ya Excel, ile inayopakuliwa iTax, hulazimika kuruhusu makro. Bila hizo, kitufe cha kuhakiki hakifanyi kazi na ile faili ya kupakia haitoki. Fomu ni halali, na makro zake zina kazi. Kila Juni, basi, maelfu ya Wakenya hufundishwa na faili halali kubofya kitufe kilekile ambacho walaghai wangependa wakibofye.

Tangu mwaka 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka intaneti mpaka mtumiaji mwenyewe aende kwenye "Properties" aweke alama ya "Unblock". Kanuni ya saiba iwe hii: makro huruhusiwa kwa fomu uliyoipakua wewe mwenyewe, leo, kutoka itax.kra.go.ke. Fomu "iliyorahisishwa" iliyoletwa na mteja kwenye flashi, ama iliyotumwa na "wakala" kwenye WhatsApp, haifunguliwi. Unapoisoma anwani, tazama kinachoishia kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti. Lazima kiwe kra.go.ke. Neno KRA likiwa mahali pengine popote kwenye anwani halina uzito, kwa sababu yeyote anaweza kuliandika.

Je, .go.ke ni kinga kamili? Hapana. Januari 2012 mdukuzi mmoja alibadilisha kurasa za tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mara moja. Hata hivyo, kuvamia tovuti ya serikali ni kazi, ilhali kusajili jina linalofanana nayo ni dakika chache na hela kidogo.

9. "Antivirusi hulalamikia crack kwa sababu ya biashara tu. Izime, uinstoli, uiwashe."

NI NUSU KWELI INAYOUA.

Nusu ya kweli: vifaa vya kuamsha Windows na Office bila kununua, kama KMSPico, hupewa na antivirusi jina la "HackTool" hata pale ambapo havina kirusi. Fundi anayesema hivyo hajatunga.

Nusu inayoua: kwa kuwa kila mtu ameshaambiwa azime antivirusi, mlaghai hana kazi tena ya kuishinda. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi KMSPico bandia ilivyokuwa ikibeba Cryptbot, programu inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Mbaya zaidi ni STOP, iitwayo pia Djvu, ambayo husambaa sana kupitia programu zilizovunjwa kufuli. Hii hufunga faili zako kwa msimbo, hati moja baada ya nyingine, kisha hudai fidia. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure inayofungua matoleo mengi ya zamani, lakini matoleo yaliyokuja baada ya Agosti mwaka huo kwa kawaida hayafunguki.

Mwanafunzi wa usanifu majengo pale Juja haachwi bila njia. Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa AutoCAD bila malipo. Badala ya SPSS iliyovunjwa kuna PSPP, jamovi na R. Badala ya Office kuna LibreOffice. Zote ni halali, na hakuna inayokuomba uzime antivirusi. Ombi hilo likitoka kwa programu yoyote, litoshe kuwa jibu.

10. "Faili isiyofunguliwa haina madhara."

KWELI, kwa sehemu kubwa.

Kirusi kilicholala kwenye folda ya Downloads ni maandishi tu mpaka kitu kikiendeshe, na mara nyingi kitu hicho ni kidole chako. Ndiyo maana kusita ni kinga ya bei nafuu kuliko zote. Ukipakua kitu kwa bahati mbaya, hujachelewa. Usikibofye. Kifute, ukimwage na kwenye Recycle Bin.

Lakini yapo mashambulizi yasiyomngoja mtu afungue chochote. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi WannaCry kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikirukia mashine moja hadi nyingine mtandaoni kupitia kasoro ya Windows. Kiraka cha kasoro hiyo Microsoft ilikuwa imekitoa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Saiba yenye kompyuta nyingi kwenye mtandao mmoja ndilo shamba linalofaa ugonjwa wa aina hiyo. Na kumbuka kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

11. "Wadukuzi wana shughuli na mabenki, si na sisi wa Ruiru."

SI KWELI.

Programu hasidi nyingi hazichagui mtu. Husambazwa ovyo, na kila inachokipata huuzwa: neno la siri la Gmail, la eCitizen, la iTax. Kompyuta moja ya saiba ambayo wateja wameingia na kusahau kutoka ina hazina kubwa kuliko kompyuta ya tajiri mmoja. Wakubwa nao hawakosi kuguswa: Aprili 2023 Naivas, wenye maduka yao hapa kwetu pia, walitangaza hadharani kwamba walikuwa wameshambuliwa na wahalifu wanaoteka data na kudai fidia.

Sheria inakutambua hata ukiwa na kompyuta mbili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta, wa umma au wa binafsi, aripoti shambulio ndani ya saa 24. Kituo cha taifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea taarifa za namna hiyo, na DCI wanahusika palipo na wizi.

Hukumu ya jumla

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Picha hudanganya, jina hudanganya, mtumaji huenda hajui, antivirusi huweza kupitwa, sahihi huweza kuibwa. Kinachobaki ni kuvipanga vipimo hivyo na kuvipitia kwa utaratibu, asili kwanza na sura mwisho. Faili imetoka wapi, na niliitarajia? Kiendelezi chake ni kipi? Antivirusi iliyosasishwa inasema nini? Mfuatano wake wa SHA-256 unajulikana? Inaniomba nini: makro, neno la siri, ama nizime ulinzi? Hati ikibaki na shaka, itazame kwanza kwa lile onyesho la awali (preview) la ndani ya Gmail au Google Drive, ambako makro zake haziendeshwi kwenye mashine yako. Programu ikibaki na shaka, haiendeshwi. Na kazi yako ya thamani iwe na nakala mahali ambapo hapajaunganishwa na kompyuta, ili hata ukikosea usikose yote.

Mwenye saiba, washa viendelezi kwenye mashine zako zote leo, na sasisha Windows kabla ya foleni ya Juni. Mteja, ukiambiwa "ngoja kidogo nikague hii flashi", usikasirike. Anailinda kazi yako na ya aliyeko nyuma yako kwenye foleni.